Mlango Uligongwa Mara Tano

Utaratibu wa kugonga aliubuni Fundi Viatu, na mtaa mzima ulimpongeza. Siku hizi wapo wanaosema ulikuwa utaratibu wa kijinga, ati wao waliliona hilo tangu mwanzo. Waongo wakubwa. Nilikuwepo siku ile kwenye uwanja wa shule, kila mtu kaja na kiti chake, kakaa hatua tatu kutoka kwa mwenzake, barakoa hadi chini ya macho, na sikumsikia hata mmoja aliyepinga.

Kikundi cha mtaa kilikuwa kinapikia nyumba arobaini na kitu, watu waliofungiwa ndani, wengine kwa ugonjwa, wengine kwa kukosa kazi. Wiki ya kwanza wapeleka chakula waliingia hadi sebuleni, wakapewa viti, wakabeba watoto, wakauliza hali za wagonjwa wakiwa wamekaa vitandani pao. Watatu wakaugua, na mmoja wao, mama aliyekuwa anatupikia, hakurudi. Ndipo zikaja sheria. Mwenye kikohozi asikanyage jikoni. Wazee wabaki makwao. Kunawa kwenye pipa kabla ya kugusa chochote. Kindoo cha chakula kiwekwe kwenye stuli nje ya mlango, na aliyekileta arudi nyuma hatua sita kabla mlango haujafunguliwa. Nyumba yenye mgonjwa ipige simu kwa watu wa afya, na kindoo chake kifungwe kitambaa chekundu kwenye mpini ili kichemshwe peke yake.

"Sasa tutajuaje wako wangapi huko ndani?" aliuliza Muuza Mkaa, mama mnene mwenye sauti, ambaye ndiye aliyekuwa anapakua. "Jana nimepakua mafungu saba kwa nyumba ya watu wanne, na wa jirani yao wakalala na njaa."

"Wagonge," alisema Fundi Viatu. "Kila mtu agonge mlango kutoka ndani, mara moja, kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nimesimama zangu nje nahesabu. Wakigonga watano, mafungu ya kesho matano. Tena nitajua wote wazima, maana mgonjwa hasimami mlangoni."

"Kwa nini wasiseme tu?"

"Kusema kunatoa mate, mama. Ubao hautemi mate."

Watu walicheka, kisha wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

*

Nyumba ya Msusi ilikuwa ya mwisho katika mzunguko wa Fundi Viatu, na ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani mara nyingi hadi rangi ikavimba. Msusi alikuwa hajashika kichwa cha mtu kwa miezi miwili, kwani nani atakubali kukaa saa nne katikati ya magoti ya mwenzake wakati watu wanaogopa hata kupeana mikono? Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amekwama mpakani na shehena ya saruji, analala kwenye kabini akisubiri majibu ya vipimo. Nyumbani walibaki watano: Msusi, binti yake wa miaka kumi na mitatu, mapacha wa miaka sita, na Bibi, mama mzazi wa dereva.

Saa nne asubuhi kindoo kilitua kwenye stuli. Fundi Viatu alirudi nyuma akihesabu hatua zake kwa sauti ili wamsikie, na mlango ukaanza kugongwa. Msusi aligonga haraka kwa kifundo cha kidole. Binti aligonga kwa aibu, hafifu, umri ule ulishamfikia. Mapacha waligonga kwa viganja huku wanasukumana, kila mmoja anataka kutangulia. Na mwisho kabisa, chini, karibu na kizingiti, ikaja fimbo ya Bibi. Bibi hakuwa anasimama. Alikuwa na kigoda chake pale mlangoni, na fimbo aliigongesha akiwa ameketi, kwenye ubao wa chini wenye ufa, kwa hiyo mlio wake ulitoka mzito na wenye kukwaruza. Fundi Viatu ameshika nyundo miaka ishirini. Mlio ule asingeukosea hata akiwa usingizini.

"Mchumba!" aliita. "Umeamkaje?"

"Mchumba gani asiyeleta viatu?" Bibi alijibu kupitia kwenye ufa. "Mwezi wa tatu huu. Kesho, kesho. Hivi ulizaliwa unasema kesho?"

"Uzi wake umeadimika, Bibi."

"Uzi mweusi umeadimika? Shona hata kwa uzi wa gunia. Kwani nakwenda kucheza dansi?"

"Utakwenda wapi na watu tumefungiwa?"

"Nitakwenda kwa mkeo kumwambia analala na tapeli."

Mapacha walivunjika mbavu. Sheria ilisema hakuna mazungumzo mlangoni, lakini hayo mafupi Fundi Viatu alijisamehe, maana alisimama mbali, tena alivaa barakoa. Viatu vyenyewe, vya ngozi nyeusi, vya kifungo pembeni, vilikuwa kwenye rafu ya kibanda chake, soli zimeachama. Uzi alikuwa nao tele. Alikuwa hajavifikia tu, mnawajua mafundi.

*

Jumatatu Bibi aligonga fimbo yake lakini hakutania. Mchana akaomba shuka la pili. Alasiri Msusi akamkatia kitunguu karibu na pua, na Bibi akasema kitunguu siku hizi hakina harufu. Msusi alitoka nje ya chumba, akachukua simu, akasogelea mlango wa nje kusoma namba ya watu wa afya iliyobandikwa pale. Bibi alimwona.

"Weka simu."

"Waje tu wakuangalie, mama."

"Najua wanavyoangalia. Miaka thelathini na moja nimefua mashuka ya hospitali ile. Shuka likishuka kwangu nilikuwa najua kama mwenyewe katoka kwa miguu au kabebwa. Na sasa ndio kabisa. Wanakuja wamevaa mifuko, na wewe wanakutia kwenye mfuko. Hakuna wa kukushika mkono. Hakuna wa kukuosha. Unafukiwa na watu ambao hawajui hata sauti yako ilikuwaje."

"Mama, hujafa."

"Ndiyo maana nasema sasa." Alipumzika kidogo. "Kesho fundi akija, shika fimbo yangu ugonge. Akijua nimelala, sheria yao ni kupiga namba hiyo hiyo. Niapie."

Msusi hakuapa, wala hakukataa. Alitoka akampigia mumewe, akitumaini mwanamume atabeba mzigo ule badala yake.

"Mama asitoke humo ndani," dereva alisema. Nyuma yake zilisikika injini za malori. "Umenisikia? Ukiwaita hao watu wamchukue mama yangu mimi sipo, usinihesabu tena kuwa mume wako."

"Na akizidiwa?"

"Mpe maji ya moto. Mfukize. Mama yangu mgumu yule, humjui." Kisha Msusi akasikia kwamba analia na anaficha. Alimwonea huruma, akajionea huruma na yeye, akakata simu.

*

Jumanne aliwapanga watoto mlangoni, akawaambia mapacha kwamba Bibi anacheza kujificha na Fundi Viatu, na atakayesema ameharibu mchezo. Aligonga yeye, akagonga binti, wakagonga mapacha. Kisha akainua fimbo, ile ile yenye mpira mweusi uliolika upande mmoja, akagonga. Hakuwaza kuketi kwenye kigoda. Aligonga akiwa amesimama, kwenye ubao mzima, usawa wa kiuno chake.

"Mchumba!" Fundi Viatu aliita. "Mbona leo kimya?"

"Amekununia, shemeji," Msusi alijibu. "Anasema haongei na wewe mpaka viatu vije."

Nje fundi alicheka. Chumbani na Bibi alicheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, naye akaubana mdomo kwenye mto mpaka hatua za Fundi Viatu zilipopotea. Msusi alisimama ameshika fimbo, moyoni anajichukia, na papo hapo amefarijika kwamba mambo yamepita.

Jumatano ikawa hivyo hivyo.

Alhamisi Fundi Viatu, aliyekuwa na wasiwasi kidogo tangu Jumanne, alisimama kwenye hatua yake ya sita, akafumba macho kabisa ili asikilize. Kifundo cha Msusi, kidole cha binti, viganja vya mapacha. Halafu fimbo. Ilitoka juu, kavu, safi, haina ufa. Ukimgongea mtu kama yule kwenye mbao mbili tofauti akashindwa kuzitofautisha, basi hana kazi mjini. Alijua. Alijua palepale kwamba aliyeshika fimbo ile hakuwa ameketi.

Alitoa kipande chake cha boksi na kalamu. Akatazama mlango. Labda Bibi siku hizi anasimama, alijiambia. Labda amebadilisha kigoda. Na yeye kazi yake ni kuhesabu, si kupekua nyumba za watu. Akisema neno litakuja gari, na kesho yake mtaa mzima utasema Fundi Viatu ndiye aliyemuuza bibi wa watu. Alikuwa anaogopa, basi, tusimtafutie maneno mazuri. Aliandika tano, akanawa mikono kwenye pipa, akaenda zake. Kibandani akavichukua vile viatu kwenye rafu, akavishika kwa muda, akavirudisha.

*

Ijumaa Bibi alikula vijiko viwili vya uji. Fungu lake lililobaki Msusi aliwagawia mapacha, nao wakala wakaramba na sahani. Alipowaona wanavyofurahi alipatwa na aibu hata akageuka ukutani. Hakugonga kwa ajili ya chakula. Lakini chakula kilikuja, na kililiwa.

Binti alikuwa anaosha kindoo uani.

"Mama, hiki kinatakiwa kufungwa kitambaa chekundu."

"Kioshe kwa sabuni mara mbili."

"Nimekiosha mara tatu. Karatasi ya mlangoni inasema kichemshwe."

"Nani kakwambia usome makaratasi?"

"Wewe ndiye uliyenisomesha." Binti hakuwa anajibizana, alikuwa anaogopa. "Vindoo havina mwenyewe, mama. Vinachanganywa kule jikoni. Kijiko cha Bibi kimeingia humu. Kesho kinaweza kwenda kwa Babu wa pumu."

Msusi alinyanyua mkono ampige, mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha. Babu wa pumu alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Wakati wa mvua walikuwa wanamsikia anavyovuta pumzi mpaka barabarani. Msusi aliwasha mkaa uliobaki, ambao ulikuwa wa uji wa kesho, akakichemsha kile kindoo mwenyewe ndani ya sufuria kubwa, na alipokuwa anakitazama kinavyogonga-gonga ndani ya maji akakumbuka cha Jumanne, na cha Jumatano, na cha Alhamisi. Hivyo vilikwisha kwenda.

Akaingia chumbani. Bibi alikuwa ameketi ameegemea mto, mdomo wazi, mabega yanapanda na kushuka. Sentensi moja ilikuwa inamchukua pumzi tatu.

"Umegonga... vizuri... leo?"

"Nimegonga, mama."

"Nilikuwa... nahesabu." Akatabasamu. "Wote... watano."

*

Jumamosi asubuhi binti alikohoa. Kikohozi kimoja kikavu, kisha kingine, akasema amepaliwa na maji. Msusi hakumwona akinywa maji.

Saa nne kindoo kikatua. Moja, mbili, tatu, Fundi Viatu akahesabu, na leo sauti yake haikuwa na mchezo. Sita. Msusi akagonga. Binti akagonga. Mapacha wakagonga bila kusukumana, maana watoto nao wana akili zao. Msusi akainua fimbo.

Haikushuka. Aliishikilia pale hewani.

"Bado... mmoja," Bibi alisema kutoka chumbani.

Nje, Fundi Viatu alisimama na kipande chake cha boksi, na Mungu anajua kwamba alikuwa anaomba fimbo igonge, na alikuwa anaomba isigonge.

"Mwanangu. Bado... mmoja. Umenisahau?"

"Sijakusahau, mama."

"Gonga... basi."

Mapacha walimtazama mama yao, wakatazama mlango wa chumbani. Binti alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka.

"Shemeji," Fundi Viatu aliita polepole. "Nimehesabu wanne."

Msusi aliiegemeza fimbo ukutani, akaweka paji la uso kwenye ubao wa kijani. "Ni wanne, shemeji. Wa tano hawezi kusimama. Tangu Jumanne ni mimi." Akavuta pumzi. "Waambie wachemshe vindoo vyote. Vyote, unanisikia? Na upige ile namba."

*

Gari lilikuja baada ya saa moja. Walivaa nguo nyeupe kweli, na miwani, na glovu mbili mbili. Lakini Nesi alipiga magoti kando ya kitanda, akamweleza Bibi kila jambo kabla hajalifanya: sasa nakushika kidole, sasa nakuvalisha hiki cha hewa, sasa tunakuinua. Msusi alilishangaa hilo, na lilimuumiza, kwamba hawakuwa wakatili kama walivyoogopwa.

"Tangu lini?" Nesi aliuliza.

"Jumatatu."

Nesi aliandika. "Viatu vyake viko wapi?"

"Viko kwa fundi."

Bibi akatoka nyumbani kwake amevaa soksi nyeupe za shule za mjukuu wake. Majirani walikuwa madirishani, kila pazia na jicho lake. Pale mlangoni machela ilisimama kidogo, magurudumu yamekwama kwenye kizingiti, na Bibi akamtazama Msusi. Hakusema kitu, maana alikuwa na kifuniko cha hewa mdomoni, na hata bila kifuniko sijui kama angesema. Alimtazama tu. Msusi ameniambia mwenyewe kwamba anaona macho yale akifua, akipika, akisuka.

"Angekuja mapema," Msusi alimuuliza Nesi, "ingesaidia?"

Nesi alifikiri. Nadhani alikuwa mtu mkweli na amechoka sana. "Umri wake, mama... Labda," alisema. "Labda."

Bibi alifariki Jumatatu. Alizikwa na wanaume wanne waliovaa nyeupe, na picha moja ya kaburi ikatumwa kwenye simu. Msusi alipimwa akakutwa na ugonjwa, na binti naye, wote wawili bila kuzidiwa. Wakafungiwa siku kumi na nne. Dereva alipiga mara moja.

"Ulimgongea siku nne," alisema. "Ya tano ulishindwa nini?"

Msusi angeweza kumwambia kuhusu kikohozi cha binti, kuhusu Babu wa pumu, kuhusu pumzi tatu kwa sentensi moja. Simu ilikwisha kukatwa.

Na mtaa nao haukukaa kimya. Kwenye foleni ya maji watu walisema yule mama alikuwa anamla mgonjwa wake, yaani fungu lake, siku nne nzima. Mmoja alitaka nyumba ile iondolewe kwenye orodha. Muuza Mkaa alimnyooshea mwiko akamwambia aje aondoe mwenyewe. Vindoo vyote vilichemshwa, watu kumi na wawili wakapimwa, na Babu wa pumu akakutwa mzima. Ni bahati tu ile, si akili zetu.

Tulikutana tena uwanjani. Fundi Viatu alikaa kwenye kiti cha mwisho kabisa. Ikaamuliwa kugonga kuishe. Kila mtu aonekane dirishani kwa uso wake, pazia limefunguliwa, aseme neno lake mwenyewe kwa mdomo wake, na anayepeleka asimame mbali. Atakayechukuliwa na gari, mmoja wetu atasimama nje ya hospitali kila siku, aulize, na apige simu nyumbani kabla ya saa kumi. Sheria hiyo ya mwisho aliidai Muuza Mkaa. Alisema tulikuwa hodari wa kuhesabu midomo na hatukumuuliza hata mtu mmoja anaogopa nini. Hakuna aliyepiga makofi siku hiyo.

*

Siku ya kumi na tano Fundi Viatu alirudi kwenye mzunguko wake. Nyumba zote alimaliza, akafika ile ya mlango wa kijani. Aliweka kindoo kwenye stuli, na pembeni yake mfuko wa plastiki. Akarudi nyuma hatua sita, bila kuzihesabu kwa sauti.

Ndani, kabla Msusi hajafika dirishani, pacha mmoja alikuwa amekwisha kuketi kwenye kigoda. Alishika fimbo kwa mikono miwili, akagonga chini, karibu na kizingiti, kwenye ubao wenye ufa.

Fundi Viatu aliruka. Ananiambia kwa muda mfupi alisahau yote na karibu aite mchumba.

"Nani huyo?"

"Mimi," mtoto alijibu kwenye ufa. "Namgongea Bibi. Mama alikuwa anakosea, alikuwa anagonga juu."

Pazia likafunguka. Msusi alikuwa amekonda, kitambaa kichwani, barakoa usoni. Wakatazamana, yeye ndani, fundi nje.

"Hata mtoto amejua," Msusi alisema.

"Na mimi nilijua, shemeji."

"Ulijua nini?"

"Alhamisi. Nilisikia fimbo iko juu. Nilijua si yeye." Alikuwa anaizungusha kofia yake mikononi. "Nikaandika tano."

Msusi alishika nondo za dirisha. "Alhamisi alikuwa bado anaongea vizuri," alisema. "Alhamisi alikuwa anawasimulia mapacha hadithi. Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa umegonga."

"Nilikuwa nangoja mtu aniulize! Siku zote zile nimesimama hapa na fimbo, nasema leo atauliza, akiuliza nitasema. Nisingeweza kudanganya mara mbili. Mara moja tu ungeuliza."

"Naogopa kulala siku hizi," Fundi Viatu alisema. "Kibandani nikipiga nyundo, nikinyamaza, naisikia inajibu. Chini. Ile ya kweli."

Msusi hakumpa pole. Hakuwa nayo ya kumpa. Barabarani akapita mtu na baiskeli, akawaangalia, akaharakisha.

"Lazima nikuulize," Fundi Viatu alisema hatimaye. "Ndiyo sheria sasa. Mko wangapi?"

Binti alisogea dirishani, akasema jina lake. Mapacha wakapanda juu ya kiti, wakasema yao, mmoja kwa sauti ya juu kuliko mwenzake. Msusi alisema la kwake. Kisha akangoja kidogo, kama vile kulikuwa na mtu anayekuja polepole kutoka chumbani.

"Wanne," alisema.

Fundi alipoondoka, Msusi aliingiza kindoo, kisha ule mfuko. Viatu vilikuwa vimeshonwa pande zote, soli mpya, vifungo vimekazwa, ngozi imepakwa rangi hadi inang'aa. Chochote kinachotoka nje sheria inataka kioshwe. Akaweka beseni uani, akamimina maji ya uvuguvugu, akasugua sabuni mpaka povu likajaa. Akaanza na cha kulia. Aliosha kisigino, akaosha unyayo, akaingiza vidole vyake mpaka ndani kabisa, pale ambapo vidole vya Bibi vilikuwa vimeacha mashimo matano madogo kwenye ngozi. Kisha cha kushoto. Akavipangusa kwa taulo la Bibi mwenyewe.

"Mama," pacha aliuliza, "Bibi atavivaa lini?"

"Hatavivaa."

"Sasa unaviosha vya nini?"

"Kwa sababu yeye sikumwosha," Msusi alisema. Akamwaga maji, akaweka mengine, akaanza upya na cha kulia.